Mzabibu Hauna Haraka: Ziara Yetu ya Hombolo na Historia Tuliyoikuta Kule



Kamati ya kijitabu hiki imenipa kazi ya kuandika habari ya ziara yetu ya Hombolo ya Agosti 2018. Nilipopewa, wenzangu wawili walicheka. Walisema ziara ni ziara tu, watu walipanda basi, wakala pilau, wakarudi na vumbi, sasa kuna nini cha kuandika? Mimi nasema kipo. Ukifungua daftari letu la mikutano utaona kwamba kikundi kabla ya siku ile na kikundi baada ya siku ile ni kama vikundi viwili. Na wanachama waliojiunga baadaye huuliza kila mwaka: kwa nini tuna masanduku mawili wakati vikundi vingine vina moja? Jibu lake liko katika safari hii. Basi nitaieleza tangu mwanzo, pamoja na historia ya zao la zabibu katika mkoa wetu wa Dodoma, kwa sababu bila hiyo historia safari yenyewe haieleweki.

Tulivyoondoka

Mwaka 2018 tulikuwa na umri wa miaka mitatu. Tulikuwa wanawake 30, tunakutana kila Jumamosi, tunanunua hisa, tunakopeshana, tunatozana faini za kuchelewa, na Desemba tunavunja sanduku na kugawana. Mkopo wetu mrefu kuliko yote ulikuwa wa miezi mitatu. Ulitosha kabisa kwa mama wa vitenge, mama wa mkaa na mama wa chapati. Tulijiona tumefika.

Aprili ya mwaka ule mji wetu ulitangazwa kuwa jiji. Wizara zilikuwa zimeanza kuhamia tangu 2016, na bei ya viwanja ilikuwa inapanda huku tunaangalia. Kila mtu alizungumza habari ya kuwekeza. Ndipo mwenzetu mmoja akasimama mkutanoni akasema: "Jamani, tunaishi Dodoma, tunanunua zabibu za sahani pale stendi, lakini ni nani hapa amewahi kusimama ndani ya shamba la mizabibu?" Tukatazamana. Waliowahi walikuwa wanne tu. Wengine tumetoka Kondoa, Singida na Kongwa, wengine ni Wagogo wa hapa hapa, lakini zabibu tulizijua zikiwa kwenye sahani.

Tukakodi Coaster. Nauli tulichanga wenyewe, hatukugusa mfuko wa jamii. Tukafuata barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kisha tukakata kushoto kuelekea Hombolo. Mle ndani ya gari ilikuwa nyimbo na vigelegele, na dereva akipiga honi kila tukipita watoto.

Agosti mnaijua wenyewe. Upepo, vumbi, baridi asubuhi na jua kali saa sita. Mibuyu imepukutika majani, migunga imekauka, mashamba ya uwele yamebaki mabua. Halafu, jamani, unapanda kilima kidogo na unaona chini yako kijani kibichi kimepangwa mistari kama kitambaa cha kufuma. Ndani ya gari tulinyamaza.

Kijiji kimya

Kijiji tulichokiendea kiko pembeni, si pale penye chuo wala penye kiwanda. Tuliposhuka na ngoma yetu hakukuwa na mtu wa kutupokea. Kuku wawili, mbuzi mmoja amefungwa kwenye mti, na mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Duka limefungwa. Mwenyekiti wetu alikasirika kidogo, maana tulikuwa tumetuma habari wiki nzima kabla. Mmoja wetu akanong'ona: "Huku watu wanalala tu, ndiyo maana maskini."

Yule mzee alisikia. Hakukasirika. Alitusalimu "Mbukwenyi", sisi tukaitika, akatuambia: "Wanangu, wako shambani tangu alfajiri. Huu ni wakati wa kuvuna. Zabibu hazimngoji mgeni." Aliyenong'ona anajijua, na amekubali niandike, kwa sharti nisimtaje jina.

Tukaongozwa na mtoto hadi mashambani. Huko ndiko kijiji kizima kilikokuwa. Wanawake ndio wengi, wameinama kati ya mistari, mikasi mikononi, wanakata vishada na kupanga kwenye kreti za plastiki taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna anayepiga kelele. Kishada kikidondoka kimepasuka, na kikipasuka nyuki na inzi wamekuja, na kesho yake kimeanza kuchacha. Ule ukimya tuliouita usingizi ulikuwa ni kazi.

Mama mwenyeji wetu, ambaye nitamwita Mama Mwenyeji kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya jina, alituvalisha kanga viunoni, akatupa mikasi. Tulivuna pamoja nao hadi saa saba. Migongo ilitulipia.

Zao hili lilivyotufikia

Jioni ile, chini ya mbuyu, tulisikia historia. Mambo mengine nimeyaongeza kwa kusoma baadaye, ili wajukuu zetu wakikishika kijitabu hiki wapate kitu cha kusimamia.

Ugogo ni nchi ya mvua chache. Hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, halafu mbingu zinafungwa. Miaka mingine hazifunguki kabisa. Kwa hiyo babu zetu hawakuweka mali yao ardhini. Waliiweka kwenye miguu minne. Ng'ombe anaweza kufuata nyasi na maji, na njaa ikija unambadilisha kwa nafaka ya watu wa mbali. Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki, mahari, faini na urithi.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ile iliyopita kati ya Bagamoyo na Tabora, ilikatiza nchi hii. Wazungu waliopita hapa, kama Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika kwa uchungu habari za hongo walizotozwa na watemi wa Ugogo. Lakini fikiri mwenyewe: msafara wa mamia ya watu unafika kiangazi kwenye kisima cha kijiji kimoja, wanywe wote, wapikiwe. Maji yale yana mwenyewe.

Kisha Wajerumani wakajenga reli, ikapita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo ikaanza vita kuu ya kwanza. Majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosa. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Watu walikufa kwa wingi, wengine wakahama wasirudi. Mama Mwenyeji alisema bibi yake alikuwa mtoto wakati ule, na mpaka anazeeka hakuwahi kumwaga hata maji ya kuoshea uwele. Mali yenye miguu, tuliambiwa, ni mali inayoweza kuswagwa na mwenye bunduki.

Zabibu zilikuja baadaye, na hazikuja kwa ajili yetu. Mapadri wa Kiitaliano wa misheni walihitaji divai ya Misa. Katika miaka ya 1950, pale Bihawana, upande wa barabara ya Iringa, mizabibu ilipandwa ikashika. Walioajiriwa kupalilia na kupogoa walikuwa wenyeji. Na mtu akishika mkasi wa kupogoa miaka miwili, vile vijiti vinavyokatwa anavitazama, anawaza. Kijiti cha mzabibu kikichomekwa ardhini kinachipua. Huhitaji kununua mbegu. Hivyo ndivyo zabibu zilivyotembea kutoka shamba hadi shamba, kijiti kwa kijiti.

Hombolo nayo ilipata bwawa mwaka 1957, na pembeni mwa maji watu walianza kujaribu mazao ambayo zamani yasingefikiriwa. Baada ya Uhuru Serikali ililipenda zao hili. Mwaka 1970 na 1971 ikafanyika Operesheni Dodoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika wakawekwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Pale Makutupora kikajengwa kituo cha utafiti wa zabibu, na ipo zabibu nyekundu ambayo mpaka leo inaitwa Makutupora.

Wazee walitueleza ni kwa nini nchi yetu inafaa. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna theluji ya kuulaza. Mkulima anaupogoa, unachipua, unazaa; anaupogoa tena, unazaa tena. Kwa hiyo tunavuna mara mbili: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya masika husumbuliwa sana na ukungu, inabidi kupuliza salfa. Mavuno ya kiangazi ndiyo matamu, kwa sababu jua ni kali na hakuna mvua ya kuyapooza.

Soko lilipokuwa moja

Sasa ndugu zangu, msidhani ni habari ya neema tupu. Mzee yule wa kwenye kigoda ndiye aliyetuambia sehemu hii, na sauti yake ilibadilika.

Katika miaka ya 1980 mnunuzi mkubwa alikuwa kiwanda cha umma mjini Dodoma. Kikinunua, kijiji kinacheka. Lakini zabibu si mtama. Mtama utauweka ghalani ungoje bei. Zabibu ukishaikata una siku chache, ukiiacha mtini inaliwa na ndege au inaoza. Kwa hiyo mwenye soko moja ana mfalme mmoja. Kiwanda kilipoanza kudhoofika, na katika miaka ya 1990 mambo yakaharibika kabisa, malipo yalichelewa na zabibu zikakosa pa kwenda. Mzee alisema: "Niling'oa mizabibu niliyoipanda kwa mkono wangu. Nikapanda uwele. Nilikuwa kama mtu anayemchinja ng'ombe anayekamuliwa." Wengi walifanya hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzishwa kiwanda cha watu binafsi pale Hombolo, na baadaye wanunuzi wakaongezeka. Watu wakarudi kupanda. Leo kuna wenye mapipa makubwa wanaokamua zabibu wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda vya kufungasha. Huyu hatishwi na siku tatu za kuoza, maana mchuzi wake umetulia ndani ya pipa. Lakini mkulima asiye na pipa bado yuko pale pale alipokuwa mzee wetu: anaingoja lori.

Tuliona wenyewe lori likija. Alishuka kijana na kifaa kidogo, akakamua tone la zabibu juu ya kioo chake, akakielekeza kwenye jua, akatazama kwa jicho moja. Anapima sukari. Ikiwa chini, bei inashuka au zabibu zinakataliwa. Miezi minne ya kazi ya mama mzima inaamuliwa kwa tone moja na jicho moja. Mwenzetu wa chapati alisema: "Na mimi nilidhani wateja wangu ndio wasumbufu!"

Swali lililowanyamazisha

Nimefika mahali ambapo ndipo hasa nilitaka kufika.

Baada ya kula, mweka hazina wetu, ambaye mnamjua hawezi kukaa bila hesabu, aliuliza swali la kawaida kabisa. Aliwauliza wale akina mama, walikuwa kama 15: "Shamba lile tulilovuna asubuhi ni la nani? Na lile la pili?" Alitaka kujua eka na mapato.

Wakanyamaza. Ulikuwa ukimya mwingine, si ule wa asubuhi. Mmoja akasema, "La baba watoto." Mwingine, "La ukoo." Mwingine, "La shemeji, mimi nalihudumia." Wote walikuwa wanapogoa, wanapalilia, wanapuliza dawa, wanavuna. Katika wale 15, waliosema "langu" walikuwa wawili.

Mmoja wa hao wawili alikuwa Mama Mwenyeji, naye akatueleza jinsi alivyofika kwenye neno hilo. Yeye na mumewe walipanda mizabibu pamoja baada ya soko kurudi. Miaka miwili ya kwanza hakuna cha kuvuna, ni kuchimba mashimo, kubeba samadi, kumwagilia kwa ndoo, kupigana na mchwa wanaokula vijiti vichanga. Mwaka wa tatu wakaanza kuona fedha. Miaka michache mbele mume akafariki. Arobaini ilipoisha ndugu wakaja, kwa upole kabisa, wakamwambia ardhi ni ya ukoo, na mizabibu imesimama kwenye ardhi. Akamwuliza shemeji yake: "Na mikono yangu ilisimama wapi?" Hakupata jibu.

"Kama ningekuwa nimefuga mbuzi," alituambia, "ningeondoka na mbuzi wangu. Mzabibu hauondoki na mtu. Miaka yangu yote ilibaki pale kwenye udongo, na udongo haukuwa na jina langu."

Mwanachama mwenzangu aliyekaa kulia kwangu alianza kulia. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja.

Hapo nimweleze msomaji kidogo kuhusu sheria, maana wengi huchanganya. Kanuni za mila za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Ndizo wale mashemeji walizokuwa wanazisimamia, hata kama hawakuwahi kuzisoma. Lakini zipo pia Sheria za Ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5, zilizoanza kutumika 2001. Hizo zinatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuiuza. Kwa maneno mengine, kungojea kurithi ni njia yenye miiba, lakini kupata shamba kwa jina lako ungali hai na una nguvu, au kuandikwa majina mawili mke na mume, ni haki yako na hakuna anayekupa kwa hisani.

Mama Mwenyeji hakwenda kugombana. Alilima vibarua katika mashamba ya wengine, akaweka akiba kidogo kidogo, akanunua robo eka kwa maandishi na mashahidi, akafuatilia nyaraka hadi zikatoka kwa jina lake. Wakati wa kupogoa kwenye vibarua aliomba vijiti vinavyotupwa. Alianza upya akiwa na miaka 47. Siku ile tulipovuna kwake mizabibu yake ilikuwa na miaka sita.

Alipomaliza akatugeukia: "Na ninyi mnakopeshana kwa muda gani?" Mwenyekiti akajibu kwa fahari, "Miezi mitatu!" Yule mama akatabasamu. "Basi hamwezi kumkopesha mtu kama mimi."

Mabishano ya kurudi

Njiani kurudi hakukuwa na nyimbo. Kulikuwa na mabishano mpaka Ihumwa, na yakaendelea mikutano mitano mfululizo. Nayaandika bila kuficha, kwani kijitabu cha sherehe kisicho na ugomvi ndani yake ni cha uongo.

Hoja ya kwanza ilikuwa dini. Baadhi ya wenzetu, Waislamu na walokole, walisema fedha yetu isiende kwenye pombe. Hoja nzito. Mwenzetu mmoja Mwislamu ndiye aliyeituliza, aliposema kwamba zabibu ni tunda ambalo Mwenyezi Mungu amelitaja katika Kurani miongoni mwa neema zake, na kwamba zinaliwa mbichi, zinakaushwa, zinakamuliwa juisi. Tukakubaliana kikundi kinakopesha shamba; mwenye shamba atachagua mnunuzi kwa dhamiri yake. Leo wapo wawili wanaouza zabibu za kula tu.

Hoja ya pili ilikuwa fedha yenyewe. Tunavunja sanduku kila Desemba. Mzabibu unataka miaka miwili hadi mitatu kabla ya kurudisha. Mwanachama akikopa Januari, Desemba tutagawana nini, majani? Mama wa mkaa alisema waziwazi kwamba hisa zake ni ada ya shule ya watoto na hawezi kuzifunga miaka mitatu kwa ajili ya shamba la mtu. Alikuwa sahihi kabisa, na ni yeye aliyetulazimisha kufikiri vizuri.

Jibu lilikuwa sanduku la pili. Mwanzoni mwa 2019 tulibadili katiba. Sanduku la kwanza likabaki kama lilivyo, na linavunjwa kila Desemba. Sanduku la pili ni la hiari, hisa moja kwa mwezi, halivunjwi kabla ya miaka mitatu. Mkopo wake ni wa mazao ya kudumu na ardhi tu, na marejesho yanaanza baada ya mavuno ya kwanza. Na tukaweka sharti moja ambalo lilizua kelele kuliko yote: mkopaji alete maandishi ya shamba yenye jina lake, peke yake au pamoja na mume. Asipokuwa nayo, mkopo wa kwanza utakuwa wa kufuatilia maandishi hayo, si wa kupanda.

Wapo waume waliotuita wachochezi. Mume mmoja alikataa kabisa, na mwenzetu akaondoka kwenye kikundi. Tunamkumbuka, na nafasi yake bado iko wazi. Lakini wapo waume waliokuja wenyewe kuuliza tumewaza nini, na wanne waliandikisha majina mawili ndani ya mwaka ule. Mmoja wao alisema mbele yetu: "Nilikuwa nikifa ghafla, ndugu zangu wangemfukuza mtu aliyechimba mashimo yale pamoja nami. Sikuwahi kuliwaza."

Tulipo leo

Waliokopa kwanza walikuwa sita. Wawili mchwa waliwashinda. Mmoja alipanda tena, mwingine akasema imetosha akarudi kwenye kuku, na deni lake amelimaliza kwa kuku hao hao. Wanne mizabibu yao inazaa mara mbili kwa mwaka. Hawajawa matajiri. Kuna msimu lori lilichelewa, zabibu zikauzwa barabarani kwa bei ya hasara, na tulikwenda sote na ndoo kumsaidia mwenzetu kuuza kabla hazijaoza. Sasa tunazungumza habari ya pipa la pamoja la kukamulia. Mjadala huo haujaisha, na sitauandika kana kwamba umeisha.

Yule mwenzetu aliyelia chini ya mbuyu ana nusu eka. Nilipomwomba ruhusa ya kumtaja alisema niandike hivi tu: ana nusu eka na karatasi yake iko kwenye sanduku lake la nguo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili isiloe.

Kingine kimebadilika tangu 2018. Jiji linakua. Mashamba mengine yaliyokuwa karibu na mji yamekuwa viwanja, mizabibu imeng'olewa, nyumba zimesimama. Hatusemi watu wasijenge, nchi inahamia kwetu na watu wanataka pa kulala. Tunasema tu kwamba ardhi ikipanda bei, asiye na jina kwenye karatasi ndiye anayehamishwa kwanza.

Mwaka jana tulikwenda tena kumsalimu Mama Mwenyeji. Safari hii hatukupiga ngoma. Tulipokuta kijiji kimya hatukuuliza watu wako wapi. Tulivua viatu vizuri, tukafunga kanga viunoni, tukaenda moja kwa moja shambani. Alitupa mikasi bila hata kutusalimu, akasema, "Mmechelewa, jua limeshapanda."

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi kwa miaka mitatu ya kwanza tulijaza kibaba na kukimwaga kila Desemba, na hapakuwa na ubaya, maana watoto walikwenda shule. Lakini Ugogo imetufundisha kwamba ziko mali za aina mbili. Ipo inayotembea na wewe, na ipo inayobaki chini ukienda. Hii ya pili ndiyo inayohitaji subira, na ndiyo inayohitaji jina.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimaliza kula keki ya sherehe yetu na kurudi nyumbani, fanya jambo moja. Fungua sanduku, kabati au mfuko wa nailoni unapowekwa uhifadhi wa nyumba yenu. Soma karatasi ya shamba au ya kiwanja. Angalia imeandikwa jina la nani. Kama jina lako halipo, njoo Jumamosi saa nane. Usichelewe, faini bado ipo.

Nawatakieni miaka mingine 10 yenye heri.

Katibu wa Kikundi